Bakuli Juu ya Jiwe

Kila Jumamosi Chiriku aliamka kabla hajaamshwa. Alifagia uwanja, akaosha vyombo, akanywa chai haraka haraka, kisha akatimua mbio hadi gatini. Huko alimkuta shangazi yake akichota maji yaliyoingia ndani ya boti na kuyamwaga kwa kopo. Jina la Chiriku binti huyu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na darasa zima, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Shangazi alikuwa nahodha. Aliwavusha wageni hadi kwenye kisiwa kidogo kilichokuwa ziwani, mkabala na mji. Goti lake moja lilikuwa bovu na kupanda kilima kulimshinda, hivyo Chiriku ndiye aliyewatembeza wageni, naye Shangazi akabaki kulinda boti. Alikuwa amemfundisha historia ya kisiwa mpaka ikamkaa kichwani. Zamani kilikuwa malisho ya mbuzi. Ndui ilipoingia mjini, wagonjwa walipelekwa huko wasije wakaambukiza wengine. Baadaye pakawa gereza, wafungwa wakivunja mawe ya kujengea barabara. Gereza lilipofungwa, ndege walirithi kuta zile, na sasa wageni walikuja kuwatazama.

Lakini Chiriku alikuwa amegundua jambo. Akieleza habari za mbuzi, wageni walipiga miayo. Akitaja wagonjwa, walitazama chini. Akisema gereza, macho yaliwatoka! Basi polepole akawapunguza mbuzi, akawaondoa wagonjwa kabisa, na habari za wafungwa akazitia chumvi ya kutosha.

Jumamosi hiyo walikuja vijana kadhaa wenye kamera, pamoja na mwanamke mmoja mtu mzima, fundi cherehani kutoka mji wa mbali. Fundi huyo alipakata kikapu njia nzima, kana kwamba amebeba mayai.

"Kuta zote hizi ni za gereza," Chiriku alianza walipofika juu. "Mnaliona jiwe lile bapa, pale majini? Wafungwa wakorofi walifungwa minyororo juu yake usiku kucha, mawimbi yakawapiga mpaka wakaomba msamaha!"

Vijana waliguna, wakapiga picha. "Dogo, wewe unajua kusimulia!" mmoja wao alisema. Chiriku akavimba kichwa.

Fundi alisogea karibu. "Samahani, mwanangu. Hapa hapakuwa na wagonjwa wa ndui? Na jiwe ambalo ndugu zao walikuwa wanawawekea chakula?"

Chiriku aligeuka, akalitazama jiwe bapa. Jiwe lilikuwa lile lile. Lakini vijana walikuwa wanamtazama, na akikubali sasa, watamcheka.

"Hapana, mama," alijibu. "Palikuwa gereza tu."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akakumbatia kikapu chake.

Wakati wa kurudi, Chiriku na fundi walikaa benchi moja botini. Kikapu kilikuwa wazi kidogo, na ndani yake Chiriku aliona bakuli la bati lenye maua mekundu, rangi imebanduka ukingoni.

"La mama yangu," fundi alisema. "Tumemzika mwezi uliopita. Maisha yake yote alinisimulia jinsi alivyokuwa anapiga kasia mpaka kwenye jiwe, anaweka chakula cha baba, anagonga bakuli kwa kijiko, kisha anakaa mbali. Baba anatokea pale ukutani, anampungia mkono. Mimi nilikuwa bado tumboni. Baba sikumwona, ndui ilimchukua." Akafunika kikapu. "Nilitaka niliweke bakuli pale mara moja, roho itulie. Kumbe mama alinitungia hadithi, nisijione sina baba. Basi, si neno."

Alisema si neno, lakini midomo ilikuwa inamtetemeka. Chiriku alikuwa amedhani uongo wake haumdhuru mtu, maana wafungwa wale wa minyororo walikuwa wa kubuni. Kumbe amemfanya mama wa watu mwongo, tena marehemu asiyeweza kujitetea! Gati ilikuwa inakaribia. Aliwatazama vijana, akaiona aibu itakayompata, kisha akasimama.

"Shangazi, zima injini!"

"Kuna nini? Nani kaanguka?"

"Hakuna aliyeanguka. Nimedanganya." Sauti ilimtoka nyembamba. "Mama, jiwe lipo. Ni lile nililosema la minyororo. Hakuna mtu aliyefungwa pale. Palikuwa mahali pa kuwawekea wagonjwa chakula, na mimi nilijua. Mama yako alikwambia kweli. Nisamehe. Na ninyi nyote mnisamehe."

"Loo! Na picha nimeshamtumia kila mtu," kijana mmoja alilalamika.

Shangazi hakucheka. Alimtazama binti wa kaka yake, kisha akawasha injini na kugeuza boti.

Walipofika kisiwani, Chiriku aliruka ufukweni akakimbia kuelekea kwenye kuta. Shangazi alisogeza boti hadi ubavuni mwa jiwe. Juu yake palikuwa na shimo la duara, lililochongwa ili mawimbi yasichukue vyombo. Fundi aliweka bakuli shimoni, likakaa barabara. Akatoa kijiko, akagonga. Ko, ko, ko.

Alipoinua macho, alimwona Chiriku kule juu, amesimama ukutani, akimpungia mkono.

Fundi alilia, kisha akacheka huku analia, naye akapunga mkono mpaka ukachoka. Vijana walishusha kamera zao.

Waliporudi gatini na wageni kuondoka, Shangazi alifunga boti kwa kamba, akamketisha Chiriku karibu yake.

"Leo umeniaibisha, na leo hii hii umenifurahisha," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Ukitunga uongo hujui utamwangukia nani. Habari za kisiwa kile si zako wala zangu. Ni za watu walioteseka pale na waliowapenda, sisi tumekabidhiwa tu. Na ukikosea, kiri mapema, maana boti ikishafika gatini kila mtu anakwenda zake, na kosa linabaki kuwa lako."

"Nitasema yote, Shangazi," Chiriku alijibu, akifuta machozi. "Hata mbuzi?"

"Hata mbuzi. Wakipiga miayo, waache wapige."