Lenzi Isiyofuata Moshi

"Shangazi anasafiri leo. Hakikisha anamaliza chai yake."

Simu ikakatwa.

Boitshepo Lekgetho aliirudisha Nokia yake kwenye mfuko wa gauni jeupe la unesi. Hakuhitaji kurudiwa. Shangazi ni shahidi. Kumaliza chai ni kuifikia jioni akiwa hai.

Na "shangazi" mwenyewe alikuwa mbele yake jukwaani, mzee wa Kikaburu mwenye shingo nyekundu na soksi ndefu za sufu, akiuvuta moshi wa makaa ya mawe puani kama mtoto aliyeingia jikoni kwa bibi yake.

"Unaisikia harufu hiyo, nesi?"

"Naisikia, Oom Lourens."

"Hiyo ndiyo harufu ya nchi hii ilipokuwa nchi."

Boitshepo akatabasamu. Alifundishwa kutabasamu, na kuwaita wazee wa Kikaburu "Oom", yaani mjomba. Ndani ya begi lake la dawa, chini ya kipimo cha presha, ililala bastola aina ya Z88, imejaa risasi.

Lourens Terblanche alikuwa kapteni wa polisi wa usalama, wale waliokuwa wakivunja milango ya watu alfajiri. Zama zile dunia ilipoinyima Pretoria silaha, yeye ndiye aliyezipokea kwa magendo kutoka kampuni moja ya ng'ambo. Sasa kampuni ileile ilikuwa inaiuzia serikali mpya helikopta kwa bei iliyonenepeshwa na hongo. Terblanche aliwajua wote, waliotoa zamani na wanaopokea leo. Kesho yake, Jumatatu, angewataja mbele ya jaji.

Lakini Jumapili ilikuwa yake. Hilo ndilo sharti alilolitoa.

"Kila mwezi napanda treni ya mvuke kwenda Magaliesburg," aliwaambia watu wa idara ya ujasusi. "Mkinizuia, nanyamaza."

Idara ikakubali. Idara ikampa mlinzi.

Mmoja.

Jambo hilo lilikuwa limemkereketa Boitshepo tangu alfajiri.

Honi ikalia, ndefu, ya kupasua masikio. Mabehewa yakagongana, yakanyooka, yakaanza kuondoka Johannesburg taratibu. Watoto wakapiga kelele. Familia moja ya Soweto ilikuwa imeshafungua kuku wa kukaanga hata kabla ya jukwaa kuisha. Kina mama wa kanisa waliimba. Wazee wenye kamera shingoni walikuwa wametoa vichwa madirishani, nyuso zimeanza kuwa nyeusi kwa masizi, wamefurahi kupita kiasi.

Terblanche alikaa dirishani, behewa la nne, kopo la koeksister mapajani. Vitumbua vile vya kusokotwa, vinavyodondoka shira.

"Chukua moja, nesi."

"Nimeshiba, Oom."

"Unaogopa sumu?" Akacheka. "Sumu ilikuwa kazi ya idara nyingine. Sisi tulitumia mikono."

Boitshepo akageukia dirisha. Nje, nyasi za Juni zilikuwa kavu, rangi ya simba, na upande wa kulia nyumba za Munsieville zilianza kuonekana mlimani. Mtaa aliozaliwa. Alijua angeupita. Alikuwa amejiambia kwamba hatafungua mdomo.

Akafungua.

"Oom aliwahi kufanya kazi hapa?"

"Hapa? Miaka mingi! Munsieville ilikuwa na vijana wabishi, we acha tu."

"Unamkumbuka Tshepang Lekgetho? Alichukuliwa mwaka themanini na sita. Hakurudi."

Mzee akalamba shira kidoleni. Akakunja uso. Akafikiri.

Na hilo ndilo lililomuuma Boitshepo: alifikiri kwelikweli, bila hila, kama mtu anayetafuta jina la mbwa wa jirani.

"Hapana," akasema. "Walikuwa wengi. Ndugu yako?"

"Kaka yangu."

"Pole." Akachukua koeksister nyingine.

Boitshepo akainuka, akaenda kusimama mlangoni mwa behewa. Upepo wa baridi ukampiga usoni. Alishika bomba la mlango kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Mama yake alikufa akiuliza mifupa iko wapi. Hivyo tu. Hakuuliza nani, wala kwa nini. Iko wapi.

Kidude cha sikioni kikakwaruza.

"Kware, unanisikia?"

Kware lilikuwa jina lake la redioni, na sauti ilikuwa ya Vusumuzi Hadebe, mkuu wake wa operesheni, aliyemwingiza kazini.

"Nakusikia, mkuu."

"Shangazi?"

"Anakula."

"Vizuri. Baada ya Krugersdorp treni itasimama porini, watu washuke kupiga picha. Wewe baki ndani ya behewa."

"Nimwache peke yake?"

"Nina vijana wawili kwenye tuta la reli. Ukishuka utawaharibia."

"Sawa, mkuu."

"Boitshepo."

Alishtuka. Jina halisi, redioni.

"Pumzika kidogo, mdogo wangu. Siku ya leo hakuna atakayekulaumu."

Redio ikazimika.

Treni ikapunguza mwendo. Breki zikalia. Porini, hakuna nyumba, hakuna barabara, ni nyasi na kona ya reli iliyopinda kama mundu. Mwenyekiti wa chama cha wapenda treni, jitu nene liitwalo Fanie, likashuka na kipaza sauti.

"Wenye kamera chini! Treni itarudi nyuma mpaka kule mtini, halafu itakuja kwa kasi na moshi wake wote! Pangeni mstari mmoja! Atakayeingia kwenye picha ya mwenzake atafika Magaliesburg kwa miguu!"

Wakacheka. Wakashuka na stendi zao na malenzi yao. Terblanche akashuka nao, kamera yake ya zamani aina ya Leica mkononi, mwepesi ghafla kama kijana.

Boitshepo akabaki. Akatoa darubini yake ndogo begini, akalipitia tuta kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nyasi. Mawe. Ng'ombe mmoja aliyechoka.

Hapakuwa na vijana wowote.

Akarudia tena, polepole. Hakuna.

Treni ikaanza kurudi nyuma, na yeye ndani yake.

Hakuna atakayekulaumu. Kwa nini aseme hivyo? Nani alaumiwe, na kwa lipi, kama kila kitu ni salama?

Kisha akaelewa. Habari za Tshepang alikuwa amemwambia mtu mmoja tu katika idara nzima, jioni moja, wakitoka kumzika mwenzao wa kazi. Alimwambia Hadebe. Hadebe akamshika bega, akasema pole sana.

Hawakumchagua leo kwa sababu ni hodari. Walimchagua kwa sababu ya Tshepang. Shahidi angekufa, na mlinzi wake angekuwa dada wa kijana aliyepotezwa na polisi walewale, aliyebaki amekaa ndani ya treni. Nani angeuliza swali zaidi ya hapo? Na mlinzi mwenyewe je, angelia?

Alichotakiwa kufanya ni kukaa tu.

Na akakaa. Ukweli usemwe, alikaa. Aliangalia mstari wa wapiga picha ukizidi kuwa mdogo dirishani, na ile shingo nyekundu katikati yake, na moyo wake ukatulia kabisa. Ulikuwa utulivu mtamu. Uliomtisha.

Kilichomwinua hakikuwa huruma. Huruma hakuwa nayo hata chembe. Ilikuwa ghadhabu. Kwamba mtu alikaa ofisini Pretoria, kwenye kiti cha ngozi, akauchukua msiba wa nyumba yao, akautia kwenye mpango wake kama mtu anayechagua bisibisi.

Akaruka.

Kokoto zikampokea vibaya. Goti likachanika. Akabingiria, akasimama, akakimbia.

Nyuma yake treni ilikuwa imesimama chini ya ule mti. Ikapiga honi. Ikaanza kuja.

Boitshepo alikimbia mbele yake kandokando ya tuta, Z88 mkononi, gauni jeupe limejaa vumbi. Akaufikia mstari, akapita nyuma ya migongo ya watu. Hakuna aliyegeuka. Nani angemtazama nesi, wakati injini ile inakuja na moshi mweusi unapanda mbinguni kama shamba linaungua?

Ardhi ikatetemeka. Honi, mvuke, chuma. Mtu angeweza kupiga mzinga pale na asisikike.

Treni ikapita mbele yao. Kamera zote zikaifuata, kutoka kushoto kwenda kulia, pamoja, kama vichwa vya watu kwenye mechi.

Moja haikufuata.

Mwisho wa mstari, pale kona ilipopinda, alisimama mwanamume mrefu mwenye jaketi la bluu. Lenzi yake ilikuwa ndefu mno. Haikuelekea relini. Ilielekea katikati ya mstari, kifuani kwa Terblanche.

Boitshepo hakufyatua risasi. Watu walikuwa wengi mno. Alirusha mguu.

Stendi ikaruka. Lenzi ikakohoa mara moja, kitu kikapaa angani. Mrefu akageuka na kisu. Kikamkata Boitshepo mkononi, juu ya kiwiko. Yeye akamvaa kwa bega, akampiga kwa kitako cha bastola chini ya sikio. Akampiga tena. Mtu akaenda chini kama gunia la makaa.

Goti mgongoni. Pingu. Mdomo wa Z88 shingoni.

"Nani alikutuma?"

Jamaa alitema damu. Kiingereza chake kilikuwa cha mbali, cha nchi za baridi.

"Waliniambia nesi atabaki kwenye treni," akasema. Alilalamika kabisa, kama mteja aliyeuziwa kitu kibovu.

Fanie akaja anahema, uso mwekundu.

"Tannie! Wewe mama! Una wazimu? Umeingia kwenye picha yangu! Mwaka mzima nasubiri moshi kama ule!"

"Samahani, bwana. Niletee kamba."

Akaona damu. Akaona pingu, akaona bomba la bunduki ndani ya lenzi iliyopasuka. Akaenda kuleta kamba.

Terblanche ndiye aliyekuwa wa mwisho kugeuka. Alikuwa anacheka peke yake.

"Nesi! Umeuona ule moshi?" Kisha macho yake yakashuka chini, na kicheko kikamwishia.

Walimfunga mrefu kwenye behewa la mizigo. Boitshepo alijifunga bandeji kwa meno, akawasha kinasa sauti kidogo aina ya Olympus, akakibana kwenye Nokia. Akapiga.

"Mkuu."

"Boitshepo! Imekuwaje?" Haraka mno. "Amekufa?"

"Ulikuwa unategemea afe?"

Mlango ukafungwa upande wa pili.

"Sikiliza, mdogo wangu..."

"Vijana wako wawili wako wapi? Nimewatafuta."

"Tulikupa nafasi," Hadebe akasema, chinichini. "Mtu yuleyule aliyemchukua kaka yako. Ningekuwa mimi ningeshukuru. Ulipaswa kukaa tu, basi. Unaokoa takataka ile kwa faida ya nani?"

"Rudia hilo la nafasi, mkuu. Treni ina kelele."

Hadebe akakata.

Pale Magaliesburg, moshi wa treni ulichanganyika na moshi wa nyama choma, na watu walikuwa wameshatandaza mablanketi. Hilux nyeupe ya idara ilisubiri getini, injini ikiunguruma. Boitshepo hakuikaribia. Alimshika mzee kiwiko, akapita naye katikati ya kina mama wa kanisa waliokuwa wanageuza soseji, akatokea mlango wa nyuma. Wakili Devika Moodliar, mwendesha mashtaka, alikuwa ameketi kwenye gari lake mwenyewe, peke yake, kama Boitshepo alivyomwomba kwa simu.

"Huyu hapa shahidi wako," Boitshepo akasema. "Na hiki kinasa sauti. Aliyenikata mkono yuko behewa la mizigo, usiwaachie watu wa Hilux."

"Na idara yako?"

"Sina idara."

Jumatatu Terblanche alisema yote. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma bei za ng'ombe, majina, akaunti, viwanja vya ndege. Kabla ya chakula cha mchana mkataba wa helikopta ulikuwa umesimamishwa. Saa za jioni Hadebe alitolewa ofisini na maofisa wawili, koti limefunikwa juu ya pingu.

Boitshepo alisikiliza yote akiwa amesimama nyuma ya ukumbi, mkono umefungwa. Alipokuwa anatoka, mzee akamwita kwenye korido. Walinzi wapya walimzunguka, lakini aliwapenya.

"Nesi. Ngoja."

Akangoja.

"Sikulala usiku." Macho yake yalikuwa na maji. "Uliokoa maisha yangu. Nikasema lazima nikumbuke. Nimekumbuka. Tshepang. Tulimzika Hekpoort, karibu na mto, kwenye shamba lenye mikaratusi. Nakuapia."

Korido ikawa ndogo. Boitshepo alisikia damu ikigonga kwenye jeraha lake.

"Ulimwona vizuri, Oom?"

"Kama ninavyokuona wewe. Mwanamume shupavu. Alikuwa na ndevu nyingi, sivyo? Ndevu nzito."

Alimtazama. Hakuna hila usoni mle. Mzee alitaka kumpa kitu, na hakuwa na kitu, basi akatengeneza.

Tshepang alikuwa na miaka kumi na sita. Hakuwahi kunyoa.

"Ndiyo, Oom," akasema. "Nzito sana."

Mzee akatabasamu, ametua mzigo. Boitshepo akavaa miwani yake ya jua, akashuka ngazi za mahakama polepole, bila kugeuka, akajichanganya na watu waliokuwa wanatoka kazini.