Unga wa Naila

Naila alipopanda baraza la fundi cherehani asubuhi ile ya siku ya soko, alikuwa ameshagombana na mwuza sukari na mwenye baiskeli aliyemrushia matope, na hasira bado zilikuwa mbichi. Gauni lake la kijani lilikuwa na madoa mpaka magotini. Mtandio wa manjano ulikuwa umemtelemka mabegani, wala hakujali kuupandisha.

"Wewe ndiye fundi mpya?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu. Unashona gauni?"

"Sishoni. Nataka gunia langu."

"Gunia gani?"

"La vipande! Vitambaa vinavyobaki ukikata nguo. Fundi aliyekuwa hapa kabla yako alikuwa ananiwekea. Viko wapi?"

Ridhwani, kijana mrefu mwenye futi ya kupimia shingoni na sindano kifuani, alijikuna kichwa. "Sikujua kama vina mwenyewe. Nimejazia mto."

"Mto uko wapi?"

"Nimeukalia."

Naila hakubishana. Aliinama, akauvuta ule mto, Ridhwani akateleza na kiti chake mpaka sakafuni, na kabla hajainuka mkasi ulikuwa umeshapasua mto. Vipande vya khanga, vitenge na sare za shule vikamwagika baraza zima. Chini, mbele ya baraza, Mama Gwamaka wa Matema, aliyekuwa akiuza vyungu vyake, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ndaga, mwanangu," alimwambia Ridhwani, akimpa pole na shukrani kwa neno moja la Kinyakyusa. "Huyo ndiye Naila. Sasa mmejuana."

Ridhwani naye akacheka, akiwa bado sakafuni. Akaanza kumsaidia kuchambua.

"Vya nini hivi, dada Naila?"

"Vya kuvalisha vyungu."

"Vyungu vinavaa?"

"Vikienda kwa watu, vinavaa."

Kazi ya Naila ilikuwa unga wa vitumbua. Mchele wa Kyela aliuosha, akautwanga, akaupepeta, akauanika mpaka ukauke kabisa, kisha akauchanganya na sukari na iliki. Hamira aliifunga peke yake kwenye karatasi ndogo, isife. Aliyeupata alihitaji tui la nazi tu na subira kidogo. Watu walikuwa wakiupeleka zawadi kwa mzazi, kwa bibi harusi, kwa jirani mwezi wa Ramadhani.

Lakini zama zilikuwa zimebadilika. Tangu biashara ifanywe huria, maduka ya Kyela yalikuwa yamejaa biskuti za makopo yanayong'aa, na aliyetoa zawadi ya unga kwenye karatasi ya gazeti alionekana fukara. Naila hakuwa na uwezo wa makopo mapya. Basi unga aliutia kwenye nailoni, akaiziba mdomo kwa moto wa mshumaa, unyevu wa Kyela usiingie. Nailoni akaiweka ndani ya chungu kidogo cha Mama Gwamaka, au kopo la maziwa lililosuguliwa kwa majivu likabaki jeupe. Juu akafunika kitambaa, akakifunga kwa ugwe wa ganda kavu la mgomba. Kilikuwa kitu cha kupendeza, na karibu vyote vilivyokipamba vilikuwa vimekwisha kutupwa na watu.

Kuanzia siku ile Ridhwani hakukalia tena kipande. Alivikata duara kwa mkasi wa meno, visichomoke nyuzi, akaviweka kwa rangi. Naila akaja kuvichukua. Akaja tena hata siku ambazo hakukuwa na vipande.

Ridhwani alipokwenda Mbeya kununua vitambaa, alipiga simu duka la Ahmada, kaka yake Naila, aliyekuwa amesimama mahali pa baba yao tangu marehemu alipofariki. Simu nyeusi ya duka ilikuwa imetiwa kufuli kwenye namba, ikawa ya kupokea tu, na Naila ndiye aliyekuwa akiuza pale mchana.

"Haloo, duka la Ahmada."

"Naomba kuongea na yule mwenye hasira."

"Hapa wapo wengi."

"Yule mzuri."

"Huyo hana nafasi, anapima chumvi." Lakini sauti ilikuwa imeshalainika. "Umefika salama?"

"Nimefika, mpenzi. Nimeona utepe mwekundu hapa, unameta. Nikuletee wa kufungia vyungu?"

"Ukiuleta nitakufunga nao wewe. Mgomba hauniuzii ganda lake, kwa nini nihangaike na utepe?"

"Nifunge tu, roho yangu. Nikirudi nitakuja kuonana na kaka yako."

Naila aliirudisha simu mahali pake, akapima chumvi ya mteja ikazidi, akamwacha aondoke nayo.

Wiki chache baadaye rafiki yake Samira alijifungua. Naila alikwenda kumtazama mtoto. Kando ya kitanda palikuwa na chungu kidogo chenye kitambaa cha maua. Alikitambua kabla hajakaa. Kisha akaona karatasi iliyobandikwa tumboni mwa chungu, ya kupigwa chapa, yenye herufi nene: UNGA BORA WA AHMADA.

"Unakwenda wapi?" Samira aliuliza.

Naila alikuwa ameshatoka nje.

Ahmada, katika kanzu yake nyeupe, alikuwa akipanga sabuni. "Punguza sauti, kuna wateja," alisema kabla dada yake hajafungua kinywa.

"Wateja wa unga wangu! Nani kakwambia ubandike jina lako?"

"Mchele umetoka ghala la nani? Siku hizi kitu kisicho na jina la duka hakifiki popote. Na mchumba wako ameshakubali."

"Amekubali nini?"

"Alikuja kunitaka nimwoze. Nikamwambia sawa, lakini unga utabaki hapa dukani, hauondoki na wewe. Akasema hana neno." Ahmada aliweka sabuni chini. "Mbona unanitazama hivyo? Nimekutafutia mume!"

Mvua ilikuwa imeanza. Naila hakuingojea ipite. Alifika barazani kwa Ridhwani ameloa chapachapa. Fundi akainuka kwa furaha, akauona uso wake, furaha ikamkauka.

"Mahari ni ya nani, Ridhwani?"

"Ya mwanamke."

"Basi mbona yangu nimelipa mimi?"

"Naila, mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite mpenzi! Mkono huu," akaunyoosha, na makovu ya nta ya mshumaa yakaonekana vidoleni, "mkono huu ndio uliotwanga. Umekwenda kumpa kaka yangu kitu ambacho si chako, ili akupe mtu ambaye si wake. Mlikaa mkanywa na chai?"

Ridhwani aliinamisha kichwa. Walikuwa wamekunywa.

"Yeye ndiye walii wako," alisema kwa taabu. "Niliogopa atakataa. Mimi fundi wa baraza tu. Nilijua utakasirika, lakini nikadhani tukishaoana..."

"Ulijua! Ungekuwa hukujua ningekusamehe. Usinifuate. Ukinifuata nitakuaibisha mbele ya soko zima."

Alimwambia mama yake, Bi Mwanaisha, kwamba anakwenda Matema kwa Mama Gwamaka. Bi Mwanaisha, mtu wa maneno machache, alimfungia nguo na kinu, akamwambia, "Nenda, mama. Hasira hiyo usiilaze humu ndani, itaniunguzia nyumba."

Kule Matema, milima imeinama juu ya paa na ziwa liko mlangoni, Naila alitwanga mchele kama anayempiga mtu. Mama Gwamaka alifinyanga vyungu pembeni, wala hakumuuliza kitu. Unga uliuzwa kwa wageni wa ufukweni na kwa wake za wavuvi, na kila kifurushi kilipotoka Naila alisema kwa sauti, "Huu ni unga wa Naila," hata kama hakuna aliyeuliza.

Kyela nako Ahmada alijaribu kuchanganya unga mwenyewe. Aliitia hamira humo humo, akauhifadhi nyuma ya duka, karibu na pipa la mafuta ya taa. Wanawake waliopika vitumbua kwa futari walivitema. Kesho yake waliweka vyungu juu ya meza yake, wengine bila kumsalimu.

Siku hiyo hiyo Ridhwani aliingia dukani, watu wamejaa.

"Kaka Ahmada, nimekuja kuvunja tulichokubaliana. Nilikupa unga wa Naila, na haukuwa wangu kuutoa. Naomba hizo karatasi zibanduliwe."

"Zikibanduliwa, na mke huna."

"Sina," Ridhwani alisema. "Lakini sitampata kwa njia ile."

Mama Gwamaka, aliyekuwa amepeleka vyungu sokoni, alirudi na habari hiyo.

"Hajafanya la ajabu," Naila alisema, akiendelea kupepeta. "Mwizi akirudisha mali ashangiliwe?"

"Sijasema umshangilie, mwanangu."

Naila alipepeta mpaka ungo ukabaki mtupu, akaendelea kuupepeta. Asubuhi alipanda gari la Kyela.

Ridhwani alikuwa akishona sare. Alimwona, akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Bado nina hasira," Naila alisema.

"Naona."

"Zitakaa siku nyingi."

"Zikae, Naila. Nitazipa kiti."

Alitaka kucheka, akajizuia. "Nikiwa na mume, unga ni wangu. Nikiuza, nikigawa, nikiumwaga ziwani, ni wangu. Mtu akikuuliza habari zake, unasema nini?"

"Namwambia akuulize wewe."

"Na wewe una la kuniuliza?"

Ridhwani alivua futi shingoni kama anayevua kofia. "Naila, unataka kuolewa na mimi?"

Wapita njia walikuwa wamesimama. Naila alipandisha mtandio kichwani, taratibu.

"Leta wazee kwa mama yangu," alisema. "Kaka nitamwachia mama."

Jioni ile Bi Mwanaisha alikwenda dukani, akafunga mlango nyuma yake. Hakuna aliyejua alisema nini, ila Ahmada alitoka amekunja uso, akaanza kubandua karatasi kwa kitambaa cha maji.

Baada ya Idi ikafungwa ndoa. Wanaume walijaa barazani na shehe, wanawake uani na udi. Naila alikaa kwenye mkeka, amevaa gauni jeupe aliloshonewa na bwana harusi, mikono imejaa hina. Shehe akamtuma walii aende kuchukua idhini ya bibi harusi. Ahmada akaingia kati ya wanawake, macho chini, jasho limemtoka chini ya kofia.

"Naila," alinong'ona, "Ridhwani anataka kukuoa. Umeridhia?"

Naila alitazama hina ya mikononi mwake. Samira alimfinya, akidhani haya zimemshika.

"Naila, umeridhia?"

"Sijasikia, kaka."

Wanawake waliacha vigelegele nusu. Ahmada aliinua macho, akamtazama dada yake usoni, na safari hii akauliza kwa sauti iliyofika mpaka barazani.

"Dada yangu Naila, nakuuliza wewe. Umeridhia?"

"Nimeridhia," Naila alisema. "Ahsante kwa kuniuliza."