Binamu Yangu Alinivua Nguo kwa Jina la Utani

Nina miaka arobaini na mmoja, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Nilizaliwa Lisekese, Masasi, katika familia ya watu wa kanisa, na nimeolewa huku juu Mkunya, wilaya ya Newala. Leo nikishikishwa kipaza sauti mbele ya uwanja uliojaa wakulima, nasema mpaka namaliza. Lakini msinione hivi, ndugu wasomaji! Sauti hii niliipata kwa machungu, na aliyenipa machungu hayo ni damu yangu mwenyewe.

Nitawaeleza polepole, maana nataka kila mmoja anielewe.

Nilipokuwa darasa la tano nilipangiwa kusoma somo la kwanza kanisani. Nilifanya mazoezi wiki nzima. Siku ilipofika nikasimama, nikaona macho ya watu wote yananitazama mimi... Magoti yakagongana, sauti ikakatika, na kabla sijamaliza mstari wa tatu nikahisi maji ya moto yananitiririka miguuni. Nilijikojolea mbele ya kanisa!

Meza ya kusomea iliwazuia wengine, aliyeona ni mmoja tu. Edna, binti wa mjomba wangu aliyenilea, alikuwa amekaa pembeni, benchi la mbele. Aliruka na kanga, akanifunga kiunoni kana kwamba naumwa tumbo, akanitoa nje. Siri ile ilibaki kati yetu. Nilimpenda kwa ajili ya siku ile. Jamani, nilimpenda sana!

Kuanzia hapo sikusema tena mbele za watu. Kwenye vikundi nilikaa nyuma. Nikiwa na wazo zuri nilimnong'oneza jirani, yeye alisimama akalisema, akapigiwa makofi. Je, wewe unayesoma hujawahi kufanya hivyo?

Miaka ikapita. Ndoa ya Edna ikavunjika huko Masasi mjini, akapanda kwangu Mkunya na begi na godoro. Nilimpokea. Nilimpa chumba, nikamwingiza kwenye kikundi chetu cha wanawake wa kubangua korosho, nikamwambia mume wangu, Baba Neema, kwamba huyu ni mwenzangu, asihesabiwe kama mgeni. Edna alikuwa na mdomo mtamu. Baada ya muda mfupi Mkunya nzima ilimjua.

Ndipo ukaja mradi mmoja wa kilimo. Walitaka mwezeshaji wa wakulima kutoka kata yetu, mtu wa kuzunguka vijijini akifundisha utunzaji wa mikorosho. Kila mwombaji angetoa somo fupi hadharani, wakulima wenyewe wakisikiliza na kuuliza. Nafasi ile niliitaka kuliko kitu chochote! Nilikuwa nimechoka kunong'ona. Nilitaka wanangu waone mama yao anasema na watu wananyamaza.

Nikamweleza Edna hofu yangu yote. Alinishika mikono, akasema tutafanya mazoezi pamoja. Kila alasiri, tukiwa kwenye mkeka tunabangua, nilimsomea somo langu la kupogolea matawi. Nilikuwa na mfano niliotunga mwenyewe: mkorosho usiopogolewa ni kama nyumba isiyo na madirisha, watu wa ndani wataugua tu. Edna alicheka kwa furaha, akanitaka niurudie, na nikaurudia. Mjinga mimi! Nilikuwa namfundisha yeye.

Hapa niwaeleze jambo, hasa ninyi msiotoka Kusini. Kwetu binamu ni mtani. Mtoto wa mjomba anaweza kukuchekesha hadharani, kukuiga, kukutaja kwa aibu zako, hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa, na watu watakudharau. Ni desturi nzuri, imewaponya wengi majonzi. Lakini ina sharti moja ambalo halisemwi kwa kuwa kila mtu analijua: mtani hakuangamizi.

Siku ya somo nilisimama uwanjani mbele ya ofisi ya kata. Nilitetemeka, lakini nilianza. Nilimtafuta Edna kwa macho ili anitie moyo. Akasimama. Nikadhani anataka kunipigia vigelegele...

"Wana Mkunya," akasema akitabasamu, "kila siku mnalia shida ya maji. Mnahangaika na mapampu ya nini? Binamu yangu huyu mpeni kipaza sauti tu, maji yatatoka yenyewe. Muulizeni mwenyewe yaliyomtoka kanisani Lisekese."

Kisha akaigiza. Akagonganisha magoti, akajishika sketi, akatembea kwa kutanua miguu kama mtoto aliyelowa. Uwanja ukalipuka kwa kicheko! Watu walishika mbavu. Na mimi ningefanya nini? Ningekasirika? Ni mtani! Nilijaribu kuendelea, sauti ikakataa. Nikashika sketi yangu kwa hofu kwamba kweli itatokea tena, na walipoona nimeishika wakacheka zaidi. Nikakimbia.

Sikuwapo kuona kilichofuata, niliambiwa. Wageni wa mradi walimuuliza Edna kama yeye anaweza kueleza somo lile, maana anaonekana hana woga. Akaeleza. Kupogolea matawi, mwanzo hadi mwisho. Na nyumba isiyo na madirisha akaitaja! Nafasi wakampa yeye.

Mnaelewa maumivu hayo?

Jina likaniganda: Bomba. Wanawake tuliokuwa tukipanga nao foleni ya maji walininyooshea ndoo wakaniambia nizijaze, wakacheka. Neema wangu alirudi shule analia, wanamwita mtoto wa Bomba. Nikaacha kikundi. Nikaacha kanisa. Edna akapewa pikipiki, akahamia Newala mjini, na alipopita Mkunya alipunga mkono kama malkia.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni kwamba hakuna aliyeona kosa. Nilimlilia Baba Neema, mtu mpole asiyenipiga wala kunitukana. Aliniambia, "Mama Neema, ule ulikuwa utani tu. Mnajuana wenyewe." Utani tu! Hata mjomba wangu, baba yake Edna, nilipomfuata Lisekese kumshtakia, alicheka akaniambia nimlipizie siku nyingine.

Neno hilo nikaondoka nalo. Nimlipizie... Nikasema sawa, mjomba. Nitamlipizia.

Nikaanza kuuza mitumba, nikishuka kwenye gulio la Lisekese na magulio mengine ya Masasi. Niliichagua kazi hiyo makusudi. Mwenye mitumba asiyepaza sauti harudi na kitu. Sasa niwaambie nilichojifunza, kwa sababu wapo kati yenu wanaotetemeka kama mimi.

Nilianza na mteja mmoja. Usiuangalie umati, umati hauna uso. Chagua mtu mmoja, sema naye sentensi nzima, halafu hamia kwa mwingine. Nikagundua kwamba sauti ya kooni huchoka mapema, ya tumboni hudumu hadi jioni. Nikagundua pia kwamba maneno yakipotea si lazima uyakimbilie. Nyamaza, kunja shuka, vuta pumzi, yatarudi. Watu hawajui kwamba umepotea, wanadhani unafikiri! Na kutetemeka hakuishi, msidanganyike. Mimi bado natetemeka. Simama miguu ikiwa imeachana kidogo, acha itetemeke, wewe endelea kusema.

Siku moja mwanamume wa Mkunya akapita gulioni, akapaza sauti: "Kumbe Bomba umehamia huku." Watu wakageuka. Sijui kwa nguvu gani, nikamjibu.

"Ndiyo mimi. Sogeeni niwaeleze lilivyofunguka."

Nikawasimulia mwenyewe! Kanisa, somo, magoti, kila kitu, na mahali Edna alipoigiza mara moja mimi niliigiza mara mbili. Walicheka mpaka wakanishika mabega. Mama mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba naye yalimkuta, siku ya harusi yake. Siku ile nilimaliza belo zima la nguo. Na niliporudi nyumbani nilijua kwamba Edna hana tena cha kunipigia. Fimbo yake nilikuwa nimeishika mimi.

Nilingoja. Kisasi kinataka subira kama korosho, ukiibangua mbichi itakuunguza mikono.

Mradi ukaandaa siku ya wakulima palepale Mkunya. Wageni walitoka wilayani, na ilijulikana kwamba Edna akifanya vizuri atawekwa juu ya wawezeshaji wote wa Newala. Alisimama na kipaza sauti, amependeza, akafundisha. Akafika kwenye nyumba isiyo na madirisha. Makofi. Ulipofika wakati wa maswali nikanyoosha mkono, nikasema mimi ni binamu yake, naomba nafasi ya mtani. Kwetu mtani hanyimwi nafasi. Kipaza sauti kikaletwa.

"Shikamooni wazee wangu," nikasema. "Mimi ndiye Bomba."

Kicheko kikaanza. Nikakisubiri kiishe.

"Binamu yangu aliwaambia kweli, nilijikojolea kanisani. Lakini alipoachika alikuja kwangu. Alikula kwangu, alilala kwangu, alikunywa kwangu. Sasa niambieni, kama mimi ni bomba, yeye muda wote huo alikuwa anakunywa nini?"

Jamani! Wazee walipiga fimbo chini. Wageni wenyewe walijifuta machozi. Nilimwangalia Edna peke yake, sentensi nzima.

"Na ule mfano wa madirisha, binamu, leo umeutoa vizuri kuliko siku nilipokufundisha kwenye mkeka wangu. Nimekuja kuchukua ada ya mwalimu. Kuku mmoja ananitosha."

Angecheka tu, yangeisha. Mtani hucheka, hulipa kuku, mambo yanakwisha. Hilo nililijua, na nililijua jingine pia: Edna hakuwahi kuchekwa maishani mwake. Uso ukambadilika. Akasema, na kipaza sauti chake kilikuwa wazi, "Ulitaka nibangue korosho chini yako mpaka lini? Ungeipata wewe nafasi ile, mimi ningekuwa nani? Ndiyo, nilikuangusha makusudi. Na ningeweza ningekuangusha tena."

Mzee mmoja nyuma akasema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe, "Kumbe haukuwa utani."

Nikashukuru, nikaketi.

Baada ya hapo Edna akiitisha somo, wakulima hawaji. Hakuna aliyemtukana, hawakuja tu. Mradi haukumpandisha, na mwishowe ulimwondoa. Nafasi ikatangazwa upya, nikaomba, nikasimama uwanja uleule, nikapata. Baba Neema aliniomba radhi kwa neno lake la utani tu, nami nilimpokea.

Je, nilifurahi? Nilifurahi sana! Sitawadanganya. Niliwahi kumkuta kwenye mkutano wa kanisa Masasi, akaombwa atoe salamu, akatikisa kichwa, akainamisha uso. Edna, mwenye mdomo ule! Niliusikia utamu hadi kwenye meno. Sijamwomba msamaha, wala sijamsamehe. Anayetaka kunihukumu anihukumu.

Lakini kisasi kina mkia, na mkia wake haukumgusa Edna. Ulinigusa mimi.

Mwaka jana Neema alipata mchumba. Kwetu wazee wa mchumba wakija, baba wa binti hanyanyui mdomo, mjomba ndiye anayesema. Mimi sina kaka, kwa hiyo aliyetakiwa kusema ni mjomba wangu wa Lisekese, baba yake Edna, aliyenilea tangu mama alipofariki. Nilituma ujumbe. Akajibu kwamba mwanamke aliyejua kumsema binti yake namna ile hadharani hahitaji mjomba.

Wageni waliketi. Wakauliza ni nani anayesimama kwa ajili ya binti. Neema ananitazama kutoka mlangoni... Nikasimama. Mwanamke! Nilisema yote anayopaswa kusema mjomba: ukoo wetu, heshima ya binti, nini tunakubali na nini hatukubali. Sikukosea neno. Wazee wa upande wa pili walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja akasema hajawahi kusikia posa iliyojibiwa vizuri hivyo.

Nilipomaliza nilikwenda jikoni nikalia. Kusema nilikwisha kujua. Nilitaka siku ile nisemewe.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi wadada mnaokaa nyuma kwenye vikao, nawaomba. Msimkabidhi mtu hofu yenu aitunze. Aibu yako isimulie mwenyewe, mapema, kwa watu wachache, mpaka ikuchekeshe. Anza kwa salamu kwenye kikundi. Kesho uliza swali moja. Keshokutwa toa maoni. Utatetemeka, na utasema hivyohivyo.

Lakini msingoje, kama nilivyongoja mimi, mpaka mtu awavunje ndipo mjifunze. Anayejifunza kusema kwa hasira hujifunza vizuri, nawaapia, ila maneno yake ya kwanza huwa ni kisu, na kisu hakichagui nyama ya kukata. Edna alistahili yote niliyomfanyia. Mjomba hakustahili, naye ndiye niliyempoteza.