Ujumbe Aliopewa Chiriku

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alikaa chini, mbele ya magoti ya dada yake, akisukwa nywele. Jina hilo alipewa nyumbani kwa kupenda kuongea. Mdomo wake haukuwa na likizo. Dada yake alikuwa karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, na sasa alitaka kusomea shahada ya uzamili ya uhasibu. Alikuwa amepata nafasi mbili: katika chuo kikuu kikubwa cha mbali, safari ya kutwa nzima, na katika chuo kikuu kidogo ng'ambo ya mji.

"Leo tunakwenda kukiona hicho kidogo," Dada alisema akimalizia msuko wa mwisho. "Mimi ninachotaka ni ukaguzi wa hesabu. Wakiufundisha vizuri, sina haja ya kuhama."

Chiriku aliomba kimoyomoyo wawe wanaufundisha vizuri. Tangu azaliwe walilala chumba kimoja.

Idara ya uhasibu ilikuwa na vyumba vitatu tu. Mkuu wa idara, mzee mcheshi mwenye tai fupi, aliwaingiza darasani kwa wanafunzi wake. "Utaratibu wetu ni huu," alisema. "Mgeni anawauliza wanafunzi ubaya wetu, nami natoka nje nisije nikawakodolea macho." Akatoka kweli. Dada hajauliza lolote, bosi wake akampigia simu, naye akatoka kuipokea.

Chiriku, kama kawaida yake, alishawasimulia wote habari za dada yake. Mwanafunzi mmoja mwenye miwani akamwinamia. "Anataka ukaguzi? Mwalimu wa somo hilo aliacha kazi muhula uliopita. Mpaka leo tunajisomea wenyewe. Mwambie, tafadhali."

Dada akarudi mbio. Alikuwa anaitwa kazini.

"Wamesemaje?"

"Wamesema ni pazuri." Chiriku alishtuka kuisikia sauti yake mwenyewe.

Jioni, mezani, Dada alikuwa na furaha tele. "Mama, nimeamua. Nabaki hapa hapa. Jumatatu nawapigia wale wa mbali wampe mtu mwingine nafasi yangu."

Chiriku alisukuma sahani yake kando. Mama akamtazama. "Wewe leo vipi? Umemeza kufuli?"

Hapo Chiriku akaangua kilio, akasema yote.

Dada akaweka kijiko chini. "Ulijua tangu asubuhi?"

"Sikutaka uondoke."

Dada hakumgombeza, na hilo lilimtisha Chiriku zaidi. Dada alimpigia simu mkuu wa idara papo hapo.

"Ni kweli, binti yangu," mzee alijibu. "Nilidhani umeshaambiwa. Kwa ukaguzi, nenda kile chuo kikubwa."

Dada akaenda. Jumamosi ya kwanza bila yeye, Mama ndiye aliyeshika kitana. Misuko yake ilikwenda upande, kila mmoja na njia yake.

"Ningenyamaza, angekuwepo," Chiriku alisema huku akifuta machozi.

"Angekuwepo," Mama alikubali. "Angehangaika na vitabu peke yake, akidhani amechagua mwenyewe, kumbe wewe ndiye uliyemchagulia. Ukiaminiwa ujumbe, mwanangu, ufikishe wote, hata kama unakuumiza wewe." Akaufumua msuko aliokuwa ameuanza. "Haya, niambie, dada yako alikuwa anaanzia wapi?"