Hodi kwa Jaji

Siku hiyo sauti ilimtangulia.

Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni katika Nyumba ya Jaji, jengo kongwe la mawe lenye ngazi za mbao zinazolia kila unapokanyaga. Kwa jinsi alivyoongea kutwa, wenzake walimwita Redio. Aliwaonyesha wageni joho, miwani na meza, kisha akawapandisha juu na kuwasimamisha mbele ya mlango uliofungwa.

"Humu ndimo jaji alimojifungia kuandika hukumu za kifo," alisema kila siku. "Hakumkaribisha mtu mpaka anakufa. Hata mkewe. Hebu tumjaribu. Wote kwa pamoja!"

"Hodi!"

Naye, akiwa nyuma yao, alikaza koo na kujibu kwa sauti nzito, "Kariiibuni." Watu walicheka mpaka machozi. Mzaha huo aliubuni mwenyewe.

Siku hiyo walibisha, akavuta pumzi, na kabla hajafungua mdomo akasikia "Kariiibuni." Ilikuwa sauti yake ileile ya kuigiza, ila ilitokea ndani. Wageni wakacheka. Mmoja akampigia makofi.

"Dada, leo umejipita," alisema mlinzi, jamaa mwembamba waliyemwita Kijiti, wageni walipoondoka. "Nilikuwa nakutazama. Mdomo hukuufungua kabisa."

"Nyamaza, Kijiti."

"Nifundishe basi, nikamtishe mama mkwe."

Chini ya mlango ilitoka harufu kama ya chuma kilichoshikwa na viganja vyenye jasho.

Mzaha akauacha hapohapo. Lakini binti yake, wa darasa la pili, alikuwa akipitia hapo kila atokapo shule, maana nyumbani hakukuwa na wa kumwangalia. Mchana mmoja Redio, akiwa chini na kundi la wageni, alisikia kicheko cha mtoto kule juu, na "Hodi!" na "Kariiibuni," na tena hodi, na tena karibuni, akaziparamia ngazi huku mbao zikilia na ile harufu ikimjaa kooni kana kwamba amelamba msumari, akamkuta binti amelala kifudifudi, shavu sakafuni, mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango, na upande wa pili, ndani ya chumba ambacho ufunguo wake ulishapotea zamani, kitu nacho kilikuwa kimelala vivyo hivyo, kikipumua taratibu, pumzi yake ikirusha vumbi usoni mwa mtoto.

"Mama, tunapokezana," binti alisema. "Sasa ni zamu yake kubisha."

Walimleta mganga, mama wa makamo aliyeshona viatu nyuma ya soko. Alifukiza ubani, akasoma kimya kimya, akapigilia msumari kizingitini. Chumbani kitu kikajiburuta, kikagonga ukuta, kikatulia. Harufu ikakatika.

"Jaji ametoka?" Kijiti alinong'ona.

"Jaji gani? Si mnasema hakuwahi kumkaribisha mtu?" Mganga alikusanya vitu vyake. "Basi aliyewakaribisha ni nani? Hili dude lilikuwa likipita njia tu. Nyinyi mkalipatia nyumba, mkalipatia na sauti. Nyumba nimelinyang'anya. Sauti siwezi."

"Na mwanangu?" Redio aliuliza.

"Yeye alilipatia zamu ya kubisha. Likija kubisha kwenu, asijibu mtu."

Usiku huo Redio alimkalisha binti na kumfundisha mpaka akachoka. "Ukisikia ile sauti nzito ya jaji?"

"Nanyamaza."

"Hata ikikuita?"

"Nanyamaza, mama. Nimeelewa."

Ikapita wiki, nyingine, kimya. Akaanza kulala.

Jioni moja alitoka uani kuanua nguo, binti akiwa sebuleni anafanya hesabu za shule. Alirudi kwa mlango wa jikoni, mzigo wa nguo mikononi, na ndipo akaisikia ile harufu. Mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi."

Haikuwa sauti nzito. Ilikuwa ya mwanamke aliyechoka, mwenye kazi bado za kumaliza kabla ya kulala.

"Hodi, mwanangu. Nifungulie, mikono imejaa nguo."

Ilikuwa sauti yake. Redio akafungua mdomo kupiga ukelele, akakaza koo, akasukuma kwa nguvu zote mpaka mishipa ikamsimama shingoni, na hakikutoka kitu, hata mkoromo, kwa sababu sauti aliyokuwa akiitafuta ilikuwa nje, mlangoni, ikisubiri. Akaangusha nguo, akakimbia.

Sebuleni kiti kilisogezwa. Miguu midogo ilikuwa inaelekea mlangoni.

"Karibu, mama."