Kiganja Kwenye Chokaa Mbichi

Chokaa ya ukuta wa ua haijakauka sawasawa, Shaikha akapiga ukelele kwamba kuna mtu keshaichafua.

"Mama! Njoo uone! Kazi ya kutwa nzima, mtu kaja kupapasa!"

Bi Masouda alitoka jikoni na mwiko mkononi. Kando ya mlango mkubwa, kimo cha kifua, palikuwa na alama ya kiganja cha mkono wa kulia, nyekundu kama hina ya bibi arusi.

"Nani kajipaka hina humu ndani bila kuniambia?"

"Mie simo," alisema Shaikha, akainua mikono yake kama mtu anayepekuliwa forodhani. "Muulize msomi wetu."

Msomi wao alikuwa Muhsina, mke wa Yaarub, kaka yake Shaikha. Alisogea karibu na ukuta. Alikuwa na tabia, ambayo Bi Masouda, mavyaa yake, aliiita maradhi, ya kukitazama kitu mpaka kimalize kumwambia habari zake. Alikiona kidole gumba, akaviona vitatu vinavyofuata, vyote kamili. Cha mwisho kilikuwa kifupi. Pingili yake ya juu haikuwapo.

"Si ya mtu wa humu," alisema. "Hapana kati yetu aliyekatika kidole."

"Basi punda wa maji kajipaka hina," alisema Shaikha.

Muhsina aliinama. Alitazama chini ya ukuta, mahali mavyaa yake alipopiga mstari mwekundu kuizunguka nyumba nzima.

"Mama, hii rangi umeitoa wapi?"

"Si lile bonge lako la udongo mwekundu la sandukuni? Rangi nzuri kama ile itakaa ndani ya leso mpaka lini? Nimeisaga kwenye jiwe la kusagia liwa. Kwetu Malindi ya Unguja hapakuwa na nyumba ya watu isiyokuwa na mstari mwekundu chini."

"Ulifungua sanduku langu?"

"Sanduku liko nyumbani kwangu, mwanangu."

Ndivyo mazungumzo yalivyokuwa yakiishia katika nyumba ile ya Maskati, tangu Muhsina alipoingia mwaka wa sitini na sita. Alikuwa Bombei, mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma mambo ya kale, pale Unguja ilipopinduka na kwao kukasambaratika. Alipomaliza masomo hakuwa na pa kurudi. Jamaa wakamtafutia mume Maskati, Yaarub, karani wa duka la jumla Matrah, kijana mpole aliyempenda mke wake na kumwogopa mama yake. Nyumba ile ndogo ndani ya ukuta wa mji, yenye dari la boriti na kisima cha maji ya chumvi, ndiyo pekee ambamo mtu angeweza kuuliza, "Muhsina yuko wapi?"

Chakula cha mchana kilipotengwa, aliwaeleza. Alieleza kwa utaratibu, asiruke kitu.

Mwaka wake wa mwisho, mwalimu wao aliwachukua wanafunzi bara ya India, mbali na reli, wakamalizia safari kwa gari la ng'ombe. Huko kilimani kulikuwa na magofu ya hekalu, nguzo zimelala chini kama magogo, na mbele yake kisima cha kale chenye ngazi za mawe zinazoshuka mpaka gizani. Nyuma ya hekalu kulikuwa na pango. Watu wa zamani sana, kabla hekalu halijawazwa, walichora ukutani swala, tembo na wachezaji wembamba kama njiti. Chini ya michoro hiyo palikuwa na viganja vyekundu. Kimoja kilikuwa na kidole cha mwisho kifupi, na rangi yake ilikuwa mbichi kuliko nyingine zote.

"Ajuza aliyekuwa akifagia magofu alitwambia kisa chake. Kisima kilikataa kutoa maji. Wanakijiji wakasema mungu wao wa kike anataka mkaza mwana wa nyumba ya mkubwa wa kijiji, yaani mke wa mwanawe. Mavyaa yake mwenyewe akamshika mkono akamteremsha ngazini na taa. Maji yakapanda. Yule mwanamke akang'ang'ania ngazi ya juu atoke, nao wakafunika mdomo wa kisima kwa jiwe, juu ya mkono wake. Pingili ya kidole cha mwisho ikabaki nje."

"Audhubillahi," alisema Shaikha, akarudisha tonge sahanini.

"Baadaye wakawa wanampelekea chakula na ubani, wakimwita mkwe wa kijiji. Kijiji kilipohama, akasahauliwa. Tangu hapo anatafuta nyumba yenye mavyaa. Kwao bibi arusi akiingia kwa mumewe huchovya kiganja kwenye rangi akakipiga ukutani. Ile alama ni hodi, Mama. Yule ajuza alisema: ukiiona, usitoe chakula, usifukize, usimuulize jina wala haja yake. Funga mlango, ifute, basi. Ukimkaribisha, ataingia, na nyumba yenye mtoto mmoja wa kiume haina nafasi ya wakwe wawili."

Yaarub alikuwa akichambua miiba ya samaki. "Bonge la udongo wa mahali kama hapo, kwa nini ulilileta?"

"Mwalimu alitugawia tujaribu kuchora. Lilikuwa udongo tu, Yaarub, mpaka lilipopakwa ukutani."

"Hadithi za Mabaniani," alisema Bi Masouda. "Pepo ni pepo. Ataitiwa fundi wake."

"Basi tumuulize hata mmoja wa hao Mabaniani wa hapa mjini, wao wanajua—"

"Majirani waseme tunakwenda hekaluni? Sisi, wageni wa jana, ambao hata vyeti vyetu bado vinatazamwa?"

Muhsina alimtazama mumewe. Yaarub aliutazama mwiba.

Mchana ule Muhsina alichukua kitambaa na maji akaenda kuifuta alama. Alikuwa hajaugusa ukuta, mavyaa yake akampokonya kitambaa. "Usimkasirishe! Wataka atupige sote?"

Ijumaa akaja Bi Kheiria, mpunga pepo aliyekuwa mashuhuri tangu Unguja, mwanamke mnene mwenye sauti nyororo. Aliitazama alama, akatikisa kichwa kama anayemtambua jamaa wa mbali.

"Kila pepo ana kabila lake na chano chake cha vyakula," alisema. "Huyu wa Bara Hindi sijapata kumpunga, lakini akila atasema, na akisema tutajua anataka nini aondoke."

"Bibi, tafadhali, huyu akila haondoki," alisema Muhsina. "Kumlisha ndiko kumkaribisha. La kuvunda halina ubani."

Bi Kheiria alimpapasa shavu. "Mwanangu, weye umesoma vitabu. Mie nimesoma pepo."

Wakatandika jamvi mbele ya alama. Wakaweka sinia: halua, mayai mabichi, asali, kibakuli cha marashi, asumini iliyotafutwa Matrah nzima. Ubani ukapanda, na Muhsina, aliyesimama mlangoni pa jikoni kwa kuwa walimkataza kukaribia, aliona kile ambacho wengine hawakukiona: kwamba sinia lile, na maua yale, na moshi ule, mbele ya alama ile, vilikuwa sawasawa na vile alivyoviona vimepangwa mbele ya sanamu katika mahekalu ya India.

"Nani weye?" aliuliza Bi Kheiria. "Na wataka nini kwetu?"

Kwanza zilisikika bangili za kioo, taratibu, kutoka ndani ya ukuta. Ikaja harufu ya jiwe lililolala majini miaka mingi. Halafu sauti ya mwanamke ikasema maneno ambayo Muhsina aliwahi kuyasikia kule kilimani tu, ikasita, ikajaribu Kiswahili kama mtoto anayejifunza, ikakosea, ikarudia, na mara ya tatu ikasema kwa Kiunguja safi:

"Nimefika, Mama. Niingie na mguu gani?"

Hili ni swali ambalo mavyaa halijibu kwa akili. Hulijibu kwa mazoea. Bi Masouda, macho mazito kwa ubani, alisema, "Wa kulia, mwanangu."

"Mama!" alipiga kelele Muhsina.

Hakuna aliyegeuka.

Asubuhi yake ukuta ulikuwa mweupe juu ya ule mstari. Alama haikuwapo. Bi Kheiria akasifiwa mpaka kwa majirani, na Shaikha akamwambia Muhsina, "Umeona? Na weye ulivyotutisha!" Kisha Bi Masouda akavuta ndoo ya maji ya kisima ya kuoshea vyombo, akaonja kwa bahati tu, akaganda. Maji yalikuwa matamu. Katika mtaa ule ambao kila nyumba ilinunua maji ya kunywa, kisima chao cha chumvi kilikuwa kimegeuka.

"Baraka," alisema Bi Masouda, machozi yakimlenga. "Nyumba hii imepata baraka."

"Mama, hiyo si baraka. Hicho ndicho kisima chake. Yule ajuza—"

"Shaikha, leta mtungi mwingine," alisema Bi Masouda, kana kwamba hakuna aliyekuwa akisema.

Muhsina aliudhika. Hakuogopa bado, maana kukatizwa maneno katika nyumba ile lilikuwa jambo la kila siku. Kilichomwamsha ni chai. Yaarub alirudi kutoka kazini, akanywa, akasema, "Leo umetia nini humu? Haijapata kuwa tamu hivi."

"Sikupika mie."

Yaarub alicheka. Lakini alicheka akitazama pembeni, juu kidogo ya bega la mke wake, kama mtu aliyejibiwa na mwingine aliyesimama pale.

Ukaja msimu wa joto kali, wakati ambapo adhuhuri Maskati yote hujifungia, mbwa hulala chini ya milango, na hata milima inayouzunguka mji huonekana kama imeshika pumzi. Mchana mmoja wa namna hiyo, watu wote wamelala, Muhsina akiwa macho kitandani alizisikia bangili uani, akasikia miguu mibichi ikipiga sakafu, chap, chap, akainuka, akafungua mlango, akaona jua limetanda mpaka kwenye pembe za ua bila kuacha kivuli hata cha kumfichia paka, na katika mwanga ule, ambao mtu hawezi kujidanganya ndani yake, zikatokea nyayo za maji, moja baada ya moja, kutoka mdomoni mwa kisima, zikapita mbele yake karibu kabisa hata akahisi ubaridi kwenye vifundo vya miguu, zikaingia jikoni, na humo jikoni mtu asiyeonekana akaanza kukuna nazi, huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo ambao Muhsina alikuwa akiuimba yeye, na kuukosea palepale alipokuwa akiukosea yeye.

Alimkimbilia Bi Masouda akamshika bega. "Mama, amka! Yumo jikoni! Mama!"

Bi Masouda alijigeuza, akapunga mkono kana kwamba anafukuza nzi.

Tangu siku ile Muhsina hakutengewa sahani. Alikaa mkekani pamoja nao, mkono wake ukienda kwenye sinia, na Shaikha akampitishia mchuzi mtu aliyeketi kushoto kwake, mahali palipokuwa patupu jana na leo pana kivuli. Alimwambia Yaarub kila kitu, kwa utaratibu, asiruke kitu, kwanza kwa upole, halafu kwa hasira, halafu kwa kulia. Yaarub alikuwa amelala amempa mgongo, akinong'ona na upande wa pili wa kitanda.

"Mama anakupenda siku hizi," alikuwa akisema. "Anasema umebadilika. Umekuwa msikivu."

Muhsina aliukwaruza mstari mwekundu kwa kucha mpaka zikatoka damu. Mstari haukutoka, na alichosikia ni sauti ya Shaikha, "Mama, ukutani mna panya."

Mwisho alifikiri kama alivyofundishwa kufikiri. Ikiwa mlango una kanuni, kanuni ni ya kila anayebisha. Mgeni aliingia kwa alama, akapewa chano, akaulizwa haja yake. Basi naye abishe hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Wakimfukizia tu, wakimuuliza tu, "Nani weye?", atawajibu.

Alichota maji ya kisima, akaulowesha mstari, na safari hii rangi ikamkubali, ikamjaa kiganjani laini kama hina. Akaupiga mkono ukutani, kando ya mlango mkubwa, kimo cha kifua. Vidole vitano, kamili, wazi.

Hakungoja sana.

"Mama!" Shaikha alipiga ukelele. "Njoo uone! Alama nyingine!"

Bi Masouda alitoka. Aliitazama alama muda mrefu, uso umemsinyaa, kisha macho yake yakaenda kwenye chetezo cha ubani kilichokuwa juu ya dirisha. Mkono wake ukanyanyuka kukichukua. Muhsina, aliyesimama mbele yake hata pumzi zao zikakutana, alijikuta analia kwa furaha. "Chukua, Mama. Chukua, uniulize. Niulize nani mie."

"Mama," ilisema sauti kutoka jikoni.

Ilikuwa sauti ya Muhsina, na namna yake ya kueleza kwa utaratibu.

"Mama, si nilikwambieni? Ukiiona alama, usitoe chakula, usifukize, usimuulize jina wala haja yake. Funga mlango, ifute, basi."

Mkono wa Bi Masouda ulirudi chini. Aligeuza uso kuelekea jikoni, na uso ule, ambao Muhsina aliungojea siku zote umtazame hivyo, ulikuwa umejaa mapenzi.

"Kweli, mwanangu. Ulisema, nasi hatukukusikia. Safari hii nakusikiliza."

Akamwambia Shaikha aende akalifunge komeo la mlango. Akachovya kitambaa kwenye maji matamu ya kisima, akakikamua, akaanza kufuta, taratibu, kwa uangalifu, kuanzia kidole cha mwisho. Muhsina alihisi ubaridi mkononi, akauinua mbele ya macho yake. Pingili ya juu ya kidole cha mwisho haikuwapo.