Thelathini Langoni kwa Shangazi

Haya yalimpata shangazi yangu Pauline, na mimi nilikuwa ndani ya gari, kwa hivyo usiniambie ni porojo.

Mtaa wetu hapa Voi una barabara moja nyembamba ambayo madereva huikimbiza kukwepa malori ya barabara kuu. Shangazi anamlea mjukuu wake Valentine, wa darasa la pili, na shule iko ng'ambo ya barabara. Miaka miwili tuliandika barua kuomba matuta. Tukaletewa kibao cha mwendo wa thelathini. Kibao! Munyoki, jirani yetu mwenye teksi, alikipita kwa themanini siku hiyo hiyo. Asubuhi moja kioo chake cha pembeni kiligonga begi la Valentine mgongoni.

Shangazi hakupiga kelele. Aliingia ndani akaketi. Kwetu Wadawida, hasira ya mtu mzima haiachwi moyoni, maana inaweza kutoka ikafanya kazi yenyewe. Mtu hupiga funda la maji, akayapuliza nje na kuomba moyo wake uwe mweupe. Huko ndiko kutasa. Wazee walimsihi afanye hivyo, akakataa katakata.

"Nikiitema, nani atamlinda mtoto?"

Kesho yake magari yalianza kupunguza mwendo yenyewe. Yakifika langoni kwetu, mshale unashuka hadi thelathini, hata dereva akanyage vipi. Munyoki alifungua boneti huku jasho likimtoka, asione kitu. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Dawa ya moto ni moto.

Jumamosi, saa nane mchana, pumu ilimbana Valentine. Gari lililokuwa karibu ni la Munyoki. Tukapanda, tukatoka langoni.

Thelathini.

Tukaingia barabara kuu. Thelathini. Bodaboda zikatupita. Hasira ya shangazi ilikuwa imepanda nasi. Midomo ya mtoto ikawa ya kijivu.

"Shangazi," nilinong'ona, "iteme."

"Nimejaribu. Haitoki."

"Mama, nisamehe," Munyoki akasema bila kugeuka.

Nilimpa shangazi chupa ya maji. Alipiga funda, akalishika mdomoni kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka. Kisha akapuliza. Maji yakalowesha kisogo cha Munyoki.

"Moyo wangu uwe mweupe."

Gari likaruka mbele.

Valentine alipona, na ninashukuru. Lakini Jumatatu watu walirudi kwa themanini, Munyoki akiwa wa kwanza! Baada ya kuomba msamaha kwa mdomo wake! Shangazi sasa husimama kando ya barabara amemshika mtoto mkono, akitabasamu tu, hana neno na mtu. Hasira yake imekwisha kabisa. Yangu haijaisha. Wazee wameniambia nami niteme, nikawaambia nitafikiria.

Jana mchana Munyoki aliliacha gari mbele ya lango akaja kuniita. Alisema limegoma tena kupita thelathini. Akanionyesha pedali ya breki. Mpira wake ulikuwa umedidimia, alama ya mguu mtupu, vidole vyote vitano. Munyoki huvaa buti siku zote.

"Hebu weka wako," alininong'oneza.

Nilivua kiatu, nikaweka. Ulienea kwenye alama ile, kidole kwa kidole.